Ukoka wa Mtani Maganga

Simu ilipigwa nikiwa nachambua mchele. Upande wa pili alikuwa kijana aliyejitambulisha kuwa mtoto wa mwisho wa Maganga, fundi bomba wa Itigi. Akaniamkia shikamoo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia, na kabla hajaendelea nikajua. "Mzee ametutoka jana jioni," akasema. "Aliacha maneno kwamba Mama Mwalimu wa Singida aambiwe kwanza, maana msiba wake bila mtani wake utapooza." Nikamwambia nimesikia, nakuja. Nikabaki pale pale mkekani na sinia la mchele mapajani, nikalia kidogo, nikacheka, kisha nikalia tena. Mjukuu wangu Neema, ninayeishi naye hapa mjini, akatoka chumbani akaniuliza huyo Maganga ni ndugu yetu wa upande upi. Nikamwambia si ndugu. Yeye ni Mnyamwezi na sisi ni Wagogo, ni mtani, na bila yeye huenda bibi yako asingekuwa mwalimu wa mtu yeyote. Neema akautazama mguu wangu wa kushoto, ule mfupi kidogo, ambao ameutazama tangu utoto wake bila kuuliza. Nikamtuma akanitolee kikombe cha bati kilichoko nyuma ya kabati, kile cheupe chenye ukingo wa buluu na kutu kitakoni, akifunge kwenye kanga. Akauliza cha nini. Nikamwambia kazi yake utaiona huko huko.

Basi lilipoyaacha mawe ya Ikungi nikafumba macho, na mwaka ule ukaja wenyewe. Ulikuwa mwanzo mwanzo wa Ujamaa, redio asubuhi vijiji, jioni vijiji, na mimi nilikuwa msichana aliyemaliza shule na kupata nafasi ya chuo cha ualimu kwa mwezi wa kwanza unaofuata. Katikati ya mwaka nikapanda lori la magunia ya uwele, likakatika breki kwenye mteremko wa kushuka kutoka Kilimatinde. Nilipozinduka nilikuwa chini ya gunia, paja la kushoto limevunjika, na mtu mmoja ananisihi nisitazame. Wakanibeba hadi hospitali ndogo ya misheni iliyokuwa juu ya kilima kingine, mbali kidogo na Kilimatinde yenyewe. Huko nililazwa chali, mguu umening'inizwa kwa kamba na mifuko ya mchanga, kisha nikafungwa plasta kutoka kiunoni hadi vidoleni. Dari ya wodi ile niliijua kuliko kitabu chochote nilichowahi kusoma. Ilikuwa mabati matupu, na jua lilipopanda yalialika pa, pa, mpaka wagonjwa wapya wakashtuka na sisi wenyeji tukawacheka. Chumba kilinuka sabuni ya kipande, dawa ya vidonda na, kila ifikapo saa saba mchana, mlenda. Mlenda huo ulikuwa wa Bibi Zena, mama mtu mzima wa Kinyaturu kutoka upande wa Ikungi, aliyekuja kumuuguza binti yake akaishia kutuuguza wodi nzima. Alikuwa na kijibustani nyuma ya jiko, na sufuria moja nyeusi, na mkono usiojua kunyima. "Kula, mwanangu," alikuwa akiniambia huku ananichotea. "Mfupa nao una njaa." Nimekula katika hoteli tangu siku zile, na kwenye karamu za watu wakubwa, na bado nikiwa mgonjwa huwa natamani ule ugali wa hospitali uliopoa pembeni na mlenda ule wa moto unaovutika.

Dirisha langu lilitazama uwanja wa ukoka. Kibaraza cha wanawake kilikuwa upande huu na cha wanaume upande wa pili, na kati yake ndipo palipopandwa majani hayo, si kwa urembo. Aliyeyataka ni Sista Eseri, muuguzi mkuu, mama wa Kigogo mwenye gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka ukadhani linaweza kusimama lenyewe. Upepo wa mwezi wa nane kwenye kilima kile ulileta vumbi jekundu lililoingia kwenye vidonda, kwenye macho ya watoto na kwenye uji, na Sista aliona dawa yake ni kuifunika ardhi. Maji yalitoka kwenye tangi lililojazwa na pampu ya upepo. Misheni ilileta vinyunyizio vinne vya shaba, vya kusimama juu ya bomba fupi, kila kimoja kina mkono mdogo unaoyagonga maji na kurudi, ta-ta-ta-ta, huku kichwa kikizunguka. Sisi tuliviita panzi. Nilikuwa nawasikia panzi hao kabla sijafumbua macho, na nikalala tena nikidhani ni mvua. Lakini ukoka wenyewe ulikuwa kichekesho. Karibu na kibaraza chetu palikuwa na dimbwi lisilokauka, majani yamezama yananuka. Katikati palikuwa na upara, udongo mgumu uliopasuka, mwekundu. Upande wa wanaume yalikuwa majani ya njano yaliyokata tamaa. Maji yalikuwa yakimwagwa kila siku ya Mungu na hakuna aliyejua yanakwenda wapi.

Plasta ilipokatwa, mwezi wa tisa ukielekea ukingoni, mguu uliotoka mle ndani haukuwa wangu. Ulikuwa mwembamba, mweupe kwa magamba, na niliona aibu kuutazama mbele za watu. Sista Eseri akaketi ukingoni mwa kitanda changu, jambo ambalo hakulifanya ovyo, akashusha sauti. "Damari, sikiliza mwanangu. Mvua zikianza, barabara ya kushuka inakatika. Ukikwama hapa, chuo hakikungoji, nafasi yako anapewa mwingine. Nitakuruhusu siku utakayovuka ukoka ule kutoka kibaraza hiki mpaka kile, wewe mwenyewe, bila kushikwa na mtu." Nikamuuliza kwa nini kwenye ukoka na si kwenye saruji. Akasema, "Kwa sababu ukianguka hapo utainuka." Nikaamini. Nikapewa magongo ya mti, nikajikaza, nikaanza. Na mara ya kwanza tu nilipokanyaga nje, gongo la kushoto likazama dimbwini kana kwamba kuna mtu chini analivuta, nikaenda nalo, nikaangukia paja lile lile. Hapakuvunjika kitu. Daktari alinipapasa akasema ni mshtuko, kesho nitajaribu tena. Kesho yake nilisema kichwa kinaniuma. Kesho kutwa nikasema tumbo. Ule woga ulikuwa umekwisha kutandika mkeka ndani yangu, umekaa. Nilipoutazama ukoka kutoka dirishani niliona mahali pawili tu, pale pa kuzama na pale pa kuteleza, na katikati yao hapakuwa na njia yangu. Bibi Zena alinikanda kwa maji ya moto huku akinikemea kwa Kinyaturu, na mimi nililia kimya kimya uso ukutani, si kwa maumivu, bali kwa kuwa nilianza kuzoea wazo la kutokwenda chuo.

Maganga aliitwa kwa sababu tangi lilikuwa linavuja. Alikuja na baiskeli kutoka Itigi, mfuko wa spana unapiga kelele mgongoni, kijana mrefu aliyenipita kwa miaka michache, kofia ya pama imekaa upande. Alipomaliza kumwamkia Sista alisimama kwenye dirisha la wodi yetu akatoa salamu ya Kigogo kwa lafudhi mbovu kuliko zote nilizowahi kusikia. "Mbukwenyi! Nimeambiwa humu kuna Mgogo aliyeangukiwa na gunia la uwele. Maajabu haya! Siku zote Mgogo ndiye anayekikimbilia chakula. Leo chakula kimemkimbilia yeye." Wodi ikaangua kicheko. Nikajikuta nimeinuka kwa viwiko, nikamjibu kabla sijafikiri. "Na wewe mpagazi, mzigo wa Mwarabu umeutua wapi?" Akapiga makofi kwa furaha. "Yuko hai! Sista, huyu haumwi!" Kwa vijana wa leo ambao utani wanaujua kwa juu juu tu, niseme hivi: babu zao akina Maganga walipita nchi yetu na misafara wakipeleka pembe pwani, na Ugogo ni nchi kavu. Watemi wetu wakawatoza hongo, si hongo hii ya leo ya kificho, bali ushuru wa wazi wazi wa kupita na kunywa maji ya visima. Ugomvi ule ukapoa ukawa utani, na utani una sheria zake. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia, kukutukana siku ya harusi yako, na kwenye msiba wako kuifanya kazi ambayo ndugu zako hawaiwezi, yaani kuwachekesha waliofiwa. Basi tangu siku ile kila alipopita dirishani nilinyoosha mkono nje nikamdai. "Unapita Ugogo. Toa hongo." Naye akalipa, siku nyingine karanga za kukaanga, siku nyingine kipande cha sega la asali ya misitu ya Itigi, akilalamika kwamba nchi hii haijabadilika hata baada ya Uhuru.

Tangi likazibwa, naye Sista akamwonyesha ukoka. Maganga hakuwa mtu wa kujishusha. Alitembea kuuzunguka uwanja, mikono nyuma, akatangaza kwa sauti ya kusikika vibaraza vyote viwili kwamba kabla ya Jumapili patakuwa zulia. Kisha akafungua koki mpaka mwisho. Aliamini majani yana kiu, basi yapewe maji kwa nguvu. Panzi walilia kama wamerukwa na akili, maji yakapanda juu yakawa ukungu, upepo wa kilimani ukaukusanya ukungu wote ukaupeleka kwenye kamba ambako Sista alikuwa ameanika mashuka ya wodi na bendeji zilizochemshwa. Upara ulibaki mkavu vile vile. Sista akatoka, akazitazama kamba zake, akamtazama yeye. "Fundi, nilikuambia uyanyweshe majani." "Ndiyo, Sista." "Na haya mashuka?" "Yatastawi nayo, Sista." Sote tulingoja radi. Lakini Sista Eseri naye alikuwa Mgogo, na yule alikuwa mtani wake vile vile. Aligeuka haraka kuingia ndani, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Jibu lilitoka kwenye vikombe vya uji. Asubuhi moja wagonjwa waliopata nafuu walikuwa wamekaa nje wanaota jua, na mimi nimetolewa kibarazani juu ya kiti, na Maganga, bila kumwonya mtu, akafungua maji. Watu wakakimbia, vikombe wakaviacha pale pale kwenye ukoka. Maji yalipofungwa kila mmoja akaenda kuokota chake. Bibi Zena akainua chake kimejaa mpaka pomoni. Mzee mmoja wa kibaraza cha pili akakipindua chake, likadondoka tone moja la uji. Mimi sikuwa na kazi siku zile ila kutazama. Nikamwita. "Mtani, vikombe vinakusuta." Akaja, akavitazama, akavua kofia akajikuna. Kesho yake akakusanya vikombe vyote vya hospitali, changu cha ukingo wa buluu kikiwemo, akavipanga kwa mistari uwanja mzima, akafungua maji kwa muda wa kusonga ugali mmoja. Sijapata kuona mchezo uliopendwa vile. Wanaume walizima redio. Kila mtu alikishangilia kikombe chake, na kile kilichofurika kwanza, kando ya dimbwi, wakakiita bepari, kile kikavu cha katikati wakakiita mkulima mdogo. "Kata mirija!" wakapiga kelele. "Fundi, lete Azimio hapa!" Maganga akapita akiinama kikombe baada ya kikombe.

Sasa alijua pa kushika. Panzi wa karibu nasi bomba lake lilikuwa limeinama, kwa hiyo alikuwa akijimwagia miguuni mwake mwenyewe. Akalinyoosha, akalishindilia kwa mawe. Wa pili tundu lake lilikuwa limejaa chenga za mchanga kutoka tangini; akalizibua kwa pini aliyoiazima kwenye nywele za muuguzi. Upara wa katikati ulitokana na panzi kusimama mbali mno, maji ya huyu yanaishia kabla hayajafika kwa yule, na pale yalipoishia ndipo palipokufa. Akawahamisha, mpaka maji ya kila mmoja yakagusa miguu ya jirani yake. Koki akaifungua nusu tu, ili matone yawe mazito yasibebwe na upepo, na akaomba maji yafunguliwe alfajiri, kabla upepo wa kilimani haujaanza kuizungusha pampu. Upara wenyewe akaulima, akapanda vipande vya ukoka alivyovikata palipokuwa na wingi. Akapanga vikombe tena. Vilikaribia kulingana, isipokuwa upande mmoja. Panzi wa nne, aliyewekwa vizuri jioni, asubuhi alikuwa ameupa ukoka mgongo. Maganga akamrekebisha. Asubuhi yake tena, mgongo. Akaanza kusema kuna shetani, kisha akasema kuna Mgogo.

Alichofanya mwishoni ni kukichukua kikombe changu na kukiweka mahali ambapo hakuna aliyefikiria, nyuma ya jiko, katikati ya mlenda. Asubuhi alikuja nacho wodini amekishika kwa mikono miwili, kimejaa mpaka ukingoni, akakitua juu ya kikabati changu. Sote tukamtazama Bibi Zena, naye alikuwa akikunja kanga yake polepole. Kila panzi alikuwa na waya mbili ndogo shingoni za kumzuia asizunguke mduara mzima. Bibi Zena alikuwa amezijua siku nyingi, na kila alfajiri, panzi wanapoanza kulia, alikwenda akazigeuza kuelekea bustani yake. "Kwani maji si ya wote?" akasema hatimaye. "Na mlenda si mnakula nyote? Nani humu hajala?" Sote tulikuwa tumekula, mimi kuliko wote. Sista Eseri akaja, akasikia, akasema bustani ing'olewe leo leo. Hospitali ni ya ukoka usioleta vumbi, si shamba la mtu. Bibi Zena akakaa chini. Machozi yake yalinichoma, kwa kuwa mama yule hakuwa na kitu kingine cha kutupa zaidi ya kile. Maganga ndiye aliyesema, kofia mkononi. "Sista, mlenda huu ndio uliomlisha huyu Mgogo wetu mpaka mfupa ukaunga. Ukiung'oa atakula nini? Atatafuna ukoka wangu." Akaomba siku moja. Akazifungua zile waya kidogo tu, panzi wa nne akimaliza kuzunguka ukoka apitie jikoni mara moja na kurudi, na panzi jirani akamvuta karibu afidie. Vikombe vikapangwa, na kikombe kimoja kikawekwa kwenye mlenda. Sista akavikagua mwenyewe, gauni limeshikwa juu ya magoti. Akakubali, kwa sharti kwamba fungu la kwanza la mlenda liende mezani kwake. Bibi Zena akambusu mkono.

Wiki zikapita, na kila asubuhi nilitolewa kibarazani nikautazama upara ule ukifunga pole pole, kwanza pembeni, kisha ndani, jinsi kidonda kinavyofunga. Dimbwi lilikauka, harufu ikaondoka. Majani ya upande wa wanaume yakabadilika rangi. Jirani zangu wa wodi walitoka mmoja mmoja wakaenda makwao, na mimi nikawaaga nikiwa kwenye kiti. Mguu ulikuwa umepata nyama. Nilikuwa nasimama kando ya kitanda, natembea na magongo kwenye sakafu huku mkono wa mtu uko karibu, lakini nje sikukanyaga. Nilikuwa na sababu mpya kila siku. Jioni moja nikiwa nimelala nikawasikia chini ya dirisha, Sista anasema kwa sauti ya uchovu, "Mguu umepona, fundi. Kilichobaki ni hofu, na mawingu ya mashariki unayaona mwenyewe. Zimebaki siku chache." Maganga akasema, "Hofu haina spana, Sista." Nikadhani amemaliza. "Lakini mimi ni mtani wake. Niachie." Usiku ule sikula, na nilimchukia kidogo kwa kuwa alikuwa ameniona ndani.

Asubuhi Sista akaniambia leo, na sauti yake haikuacha mlango. Akaenda akaketi kwenye kibaraza cha wanaume, mikono mapajani, ananingoja. Panzi walikuwa wamefungwa muda si mrefu, ukoka una unyevu, kijani chake kimoja kutoka ukuta hadi ukuta. Nikashuka. Magongo yaliingia kidogo kwenye majani yakakamata, hayakuzama, hayakuteleza. Nilisikia kila mtu akipumua. Nikaenda, macho chini, mpaka katikati kabisa pale palipokuwa upara, na pale mbele yangu nikaona viatu vya Maganga. Alikuwa amesimama, mikono ameitanua, amefunga njia.

"Simama! Unakwenda wapi bila hongo?"

"Maganga, ondoka."

"Hii zamani ilikuwa jangwa la Wagogo. Sasa ni nchi ya Wanyamwezi. Majani yangu, maji yangu. Lipa!"

"Nitaanguka, Maganga!"

"Babu zangu walikuwa na mizigo kichwani na bado mliwatoza. Lipa."

Hasira iliyonipanda sijui ilitoka wapi. Miezi yote ile ilipanda pamoja, gunia, kamba, mifuko ya mchanga, kila kitu. Mfukoni mwa gauni nilikuwa na karanga alizonipa mwenyewe jana yake. Ili kuzifikia nilihitaji mkono, basi nikaliachia gongo la kulia likaanguka, nikatia mkono mfukoni, nikamkandika karanga kwenye kiganja. Akazitazama. "Hizi ni za mguu mmoja. Na wa pili, unapita bure?" Nikalichukua gongo la kushoto nikamtupia. Alilidaka. Ndipo nikauhisi ukoka chini ya nyayo zangu mbili, baridi, laini, ukinisukuma kidogo kuja juu kila mahali sawa sawa. Nilikuwa nimesimama. Maganga naye alikuwa ameacha kucheka, na macho yake yalikuwa yamejaa. Akasogea pembeni akavua kofia. "Pita, Mgogo," akasema. "Njia ni nyeupe." Nikapita. Nilitembea vibaya, nikiyumba upande upande, na Bibi Zena nyuma yangu anapiga vigelegele vilivyosikika mpaka tangini. Sista Eseri alinipokea kwa mikono miwili, akanikumbatia kwa nguvu mpaka lile gauni likakunjamana. "Kesho kutwa utapanda lori," akaniambia sikioni. "Mbele na dereva, si juu ya magunia."

Nilifika chuoni, nikafundisha mpaka nikastaafu. Maganga hakunipotea. Siku ya harusi yangu alimnyang'anya bwana harusi kofia, akagoma kuirudisha mpaka akapewa ndama wa kuahidiwa tu. Mume wangu alipofariki alikuja kutoka Itigi, akavaa koti la marehemu, akakaa kwenye kiti chake, akaanza kunituma chai kwa sauti yake, mpaka mimi niliyekuwa sijala siku nyingi nikacheka kwa kelele na kisha nikala. Siku ile aliniambia, "Deni hili utalilipa, mtani."

Tulipofika Itigi jeneza lilikuwa linatoka nyumbani. Mbele ya nyumba, kama nilivyotarajia, palikuwa na ukoka wa kijani kimoja, na panzi mzee wa shaba amesimama katikati. Mama Limi, mjane wake, alikuwa ameshikiliwa na wanawake wawili, hana hata sauti. Nikamwambia Neema anijazie kile kikombe kwenye bomba la uani. Kisha nikaenda nikasimama katikati ya njia, mbele ya wachukuaji, nikaiachia fimbo yangu ili nitanue mikono yote miwili. "Simama!" nikapaza sauti. "Unakwenda wapi bila hongo?" Wachukuaji wakasimama. Watoto wa mjini wakanitazama kama kizee kilichochanganyikiwa. Lakini yule mtoto wa mwisho, aliyenipigia simu, akatoka kwenye mstari, akatia mkono mfukoni, akanijia. "Mzee alisema utadai," akaniambia, akanimwagia kiganjani karanga za kukaanga. Nyuma yake nikasikia sauti ya Mama Limi, kwanza kama kikohozi, halafu kicheko kabisa, na kilio ndani yake. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kumsimanga Maganga njia nzima, uvivu wake, majigambo yake, mashuka ya Sista, na yote nikayasahau. Nilibaki na karanga katika mkono mmoja na kikombe katika mkono wa pili. Nikayamwaga maji kwenye njia mbele ya jeneza, pole pole, huku na huku, nisiache mahali pakavu.

"Pita, Mnyamwezi," nikamwambia. "Njia ni nyeupe. Maji leo ni bure."

Nikasogea pembeni. Neema alikuwa ameokota fimbo ananinyooshea, lakini nilimwambia asubiri kidogo, mpaka apite.